Hiki Hakivuki Masika

Mfinyanzi wetu haingii nyumba ya mtu bila kugonga vyungu vyake. Vyungu kwanza, salamu baadaye. Anainama mlangoni, anapita moja kwa moja hadi jikoni, anakunja kidole cha kati na kugonga, ko, ko, kichwa amekilaza upande mmoja asikilize. Chungu kikiitika vizuri anakiacha, anageuka, na hapo ndipo anakuuliza umeamkaje. Kisipomridhisha anakuambia papo hapo, hata kama una wageni, hata kama maharage yanachemka ndani yake.

"Hiki kina ufa. Wewe hujauona, mimi nimeusikia."

Kijiji chetu kiko mwendo mfupi tu kutoka Kibaoni, na watu wa pale walishamzoea. Wanaopata taabu ni wageni. Kuna mama mmoja aliyehamia akadhani huyu ni bibi anayechungulia mboga za majirani, akawahi kufunika sufuria yake mbele ya macho yake. Mfinyanzi akagonga mfuniko, akasikia ule mlio wa bati, akasema, "Pole," akatoka zake.

Anagonga kila kitu. Anagonga maboga, meza, mlango wa kanisa, ndoo za plastiki, hizi kwa dharau ya wazi kabisa. Nilipokuwa mtoto aliwahi kunigonga kichwani nikiwa nachambua mchele, akasikiliza, akamwambia mama, "Huyu ameiva upande mmoja." Mpaka leo sijajua ni upande gani, na yeye ukimuuliza anasema amesahau.

Jina analo, alilobatizwa nalo, lakini halitumiki. Kijijini kuna Katekista, kuna Mwenyekiti, kuna Mfinyanzi. Mimi namwita Mama, kwa kuwa alikua pamoja na mama yangu na ua wetu ulikuwa mmoja. Nilipoolewa nilihamia Mpanda mjini, na sasa nina mgahawa mdogo karibu na stendi. Napika maharage tangu alfajiri hadi yaishe. Kwa hiyo nikizungumza habari za vyungu, nazungumza kama mtu anayejua maharage yanataka nini.

Mama yangu alikuwa na chungu cha maharage, kipana, shingo fupi, na chini ya mdomo wake kilikuwa na alama za ukucha alizozoea kuweka Mfinyanzi. Alikinunua kwa mpunga, kipya kabisa kutoka motoni. Siku chache baadaye Mfinyanzi akapita kwetu, akagonga, akalaza kichwa, akakunja uso.

"Hiki hakivuki masika," akasema.

Mama alishika kiuno. "Si umekifinyanga mwenyewe?"

"Ndiyo. Ndiyo maana najua."

"Haya, tutaona," mama akasema.

Masika yakaja, yakapita, chungu kikabaki. Yakaja mengine. Nikamaliza shule, nikaolewa, nikazaa, na chungu kile kikawa bado kinakaa juu ya mafiga yale yale kikiwa cheusi hadi mdomoni. Kila mwaka mvua zilipokatika, Mfinyanzi alikuja kukigonga, na kila mwaka alitoka amenuna. Alishuku kwamba mama amenunua kingine akakificha kile cha kwanza, akawa anapapasa chini ya mdomo kutafuta alama zake. Anazikuta. "Bado kipo?" anauliza, kana kwamba tumemkosea. Na mama, ambaye alikuwa mtu wa utani hadi kwenye msiba, anamjibu kwamba chungu kinangoja ruhusa yake kife. Sidhani kama kuna kitu kilichomkera yule mwanamke kuliko hukumu yake ile kukataliwa na kitu alichokiumba kwa mikono yake mwenyewe.

Kwetu chungu kikivunjika hakitupwi. Hiyo ndiyo sheria yake, na ameishikilia kuliko Mwenyekiti anavyoshikilia zake. Unakusanya vigae vyote, hata vile vidogo, unavipeleka kwake. Anavisaga juu ya jiwe lake, anachekecha, na unga ule anauchanganya na udongo mpya. Bila unga wa vigae, anasema, chungu kinapasuka mara tu kinapoona moto.

"Udongo mbichi haujawahi kuingia motoni, unaogopa," huwa anaeleza. "Lazima ndani yake awepo aliyewahi kuingia akatoka."

Katekista alikuwa na kigae kikubwa ambacho kuku wake walinywea maji. Kila Jumapili, ibada ikiisha, Mfinyanzi alikwenda uani kwake, akamwaga yale maji, akakigeuza kigae huku na huku, akakirudisha chini na kusema, "Bado unacho." Kuku walikuwa wanashinda na kiu kila Jumapili. Mwishowe Katekista alikibeba mwenyewe akampelekea, akanunua beseni la kuku, na hapo amani ikarudi kanisani.

Kuna binti aliyeolewa kijijini kutoka familia moja ya wale wakulima wenye asili ya Burundi. Alivunja chungu cha mama mkwe wake, akaingiwa na hofu, akavitupa vigae chooni. Hakuijua sheria yetu, maskini. Mfinyanzi alipoingia jikoni mle na kukuta chungu hakipo, hakuhitaji kuelezwa. Yule binti akaanza kulia kabla hajaulizwa. Sote tulingoja makelele. Kesho yake Mfinyanzi akarudi na chungu kipya akamwekea mlangoni bila kudai chochote. Watu walipomshangaa alijibu, "Mtu asiye na chungu atanirudishia nini?" Ndivyo alivyo. Ukimwona anatoa, ujue amekwisha kuona njia ya kurudi.

Sasa nitasema kitu ambacho kinawachekesha watu wote wa pale. Yeye mwenyewe anapikia sufuria. Maji anateka kwa ndoo ya plastiki, chakula anakula kwenye sahani ya bati, na chai anaihifadhi kwenye chupa kama sisi sote. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na watoto wa shule walizoea kumwimbia maneno hayo akipita. Alikuwa anawasimamisha. "Gae nikilia nitasaga nini?" anawauliza. Mama alipomshambulia kuhusu sufuria alijitetea kwamba ana haraka. Mama akamwambia, "Sisi wengine tuna haraka pia, na unatuuzia vyungu." Mfinyanzi alicheka siku hiyo hadi akashika ukuta.

Methali nyingine ambayo alikuwa haelewani nayo ni ile ya udongo uwahi ungali maji. Mama aliitumia sana, hasa akiwa na fimbo mkononi na mimi niko upande wa pili wa fimbo. Mfinyanzi alikuwa anadakia kutoka upande wake wa ua, bila kuinua kichwa kwenye kazi.

"Ukiuwahi ungali maji unalala tu, dada. Muache kwanza akaekae."

Kwa maneno hayo aliniokoa mara nyingi, na mimi namhesabia wema, ingawa nina hakika alikuwa anazungumzia udongo.

Hana gurudumu wala kinu cha kuzungushia. Anaweka kitako cha udongo juu ya kigae, halafu anazungusha kamba nene za udongo moja juu ya nyingine, na kwa kuwa chungu hakizunguki, anazunguka yeye. Ameinama, mkono mmoja ndani, mwingine nje, anakizunguka kinyumenyume, na ukimtazama kwa muda utaona kwamba ardhi ya pale imelika ikafanya duara la nyayo zake. Analainisha kwa gunzi la mahindi, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anasugua kwa kokoto ambalo hamruhusu mtu kulishika. Kisha vyungu vinakaushwa ndani, chini ya kitanda chake, mbali na jua na upepo. Siku ya kuchoma anavipanga kwenye shimo la kina kifupi, anavifunika magome, nyasi na mavi makavu ya ng'ombe anayopewa na majirani zetu Wasukuma, anawasha, na kuanzia hapo hasemi na mtu mpaka moto ushuke. Vikitoka bado vinawaka, anavirushia maji ya magome yaliyochemshwa, vinachukua rangi ya kahawa na kuziba vitundu. Mkono wake wa kulia una makovu hadi kwenye kiwiko. Ukimpa pole anauangalia kama vile ni wa mtu mwingine.

Udongo wenyewe alikuwa anauchimba bondeni, chini ya kijiji, kwenye shimo moja ambalo watu wa kazi hiyo walilitumia kabla yake. Na huko nako kulikuwa na desturi. Anayekwenda kuchimba udongo haongei na haongeleshwi. Alikuwa anajitwika kikapu kifudifudi, kinywa chini, na sote tukikiona kimekaa hivyo tunajua. Tunapisha njia, tunatazama pembeni, hata kama tuna deni la salamu la wiki nzima. Ukimsalimia unauharibu udongo, na vyungu vikipasuka unajua ni nani atakayelaumiwa.

Miaka ya karibuni bonde lile liligawiwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga. Sina ugomvi na mpunga. Kwetu mpunga ndio unaosomesha watoto, na wali wa kwetu usiulinganishe na wa kwingine. Lakini shimo la udongo liliangukia upande wa mtu mmoja mwenye trekta, na Mfinyanzi alipopata habari alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akasimama.

"Lile shimo niachieni," alisema.

Hakusema naomba. Kuomba alikuwa hajui. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba udongo upo kila mahali, atafutiwe pengine. Aliuliza nani kati yao amewahi kufinyanga hata kikombe. Watu wakacheka, mkutano ukaendelea na mambo ya mbolea, na yeye akakaa chini. Tulidhani yamekwisha.

Asubuhi iliyofuata alijitwika kikapu kifudifudi, akashuka bondeni, akakatiza mbele ya trekta.

Yule mwenye trekta ni mtoto wa pale pale. Alikua akipisha kikapu kile njiani kama mimi. Basi alizima injini. Alikaa juu ya kiti chake amenyamaza, anatazama pembeni kama tulivyofundishwa, mpaka Mfinyanzi alipojaza kikapu na kupanda zake kijijini. Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata vilevile. Alikuwa na haki yote ya kumwambia mama huyu shamba ni langu, ila hakupata nafasi ya kusema, kwa sababu kila mara alipomwona kikapu kilikuwa kichwani na kinywa chake kiko chini. Alimaliza kulima sehemu nyingine zote kwanza. Kijiji kizima kilikuwa kinacheka, na mimi huku Mpanda nililetewa habari nikacheka na wateja wangu.

Lakini kikapu hakizuii mvua. Matuta yalijengwa, maji yakaingia, na shimo likalala chini ya maji na miche. Siku hiyo wawili hao walikutana njiani, na Mfinyanzi kichwani hana kitu.

"Shikamoo, mama," mwenye trekta akasema. Inasemekana alishusha pumzi kwanza.

"Marahaba. Huo mchele wako utaupikia nini?"

"Siku hizi kuna jungu la umeme, mama."

Mfinyanzi akapita zake. Baada ya mavuno yule bwana alimpelekea gunia la mpunga, kwa heshima na labda kwa haya. Alilipokea, akaukoboa, akaula wali wote bila kinyongo, na akaendelea kumchukia kwa uaminifu.

Alianza kutafuta udongo mwingine. Alijaribu wa kichuguu, ukamwagika. Alijaribu wa kandokando ya mto, ukawa na mchanga mwingi. Mwisho alipata mmoja nyuma ya mashimo ya wafyatua matofali, wa rangi ya kijivu, laini mkononi, wa kutamanisha. Mimi nilikuwapo siku alipouchoma kwa mara ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda nyumbani kwa misa ya kumwombea mama, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nilikaa naye kwenye kizingiti cha nyumba yake tukiangalia moshi. Ndipo tukasikia kutoka ndani ya moto: paa!

"Sawa," Mfinyanzi akasema.

Paa! Kingine.

"Sawa, nimesikia."

Vilipasuka kimoja baada ya kingine, na kila kilipopasuka alikijibu. Hakikutoka hata kimoja kizima. Nilitaka kulia kwa ajili yake, ila uso wake haukuniruhusu. Asubuhi nilimkuta juu ya jiwe lake anasaga vigae vya vyungu vile vile vya jana.

"Mama, si upumzike?"

"Nipumzike nimefanya nini?"

Alisaga kwa muda, kisha akaacha, akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Sikiliza. Nikiacha kwa kuchoka, sawa, kila mtu anachoka. Nikiacha kwa sababu udongo umenishinda, hapana. Sitaki kufa nimeshindwa na udongo. Baada yangu hakuna anayefinyanga hapa, unajua hilo. Nikiacha hivi watasema kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya shimo, mimi nilikuwa nachota tu."

Aliuchoma udongo ule wa kijivu tena na tena kiangazi chote. Vilipasuka vichache zaidi kila mara, lakini vilivyobaki vilikuwa na mlio mbovu, na yeye hauzi chungu chenye mlio mbovu. Alivunja kwa nyundo vyote vilivyonusurika. Watoto wake walimpigia simu kutoka mijini wakimtaka aende akae nao. Aliwaambia atakwenda akimaliza, na hawakuthubutu kuuliza akimaliza nini.

Ilitokea mwaka huo huo kwamba chungu cha mama yangu kilivunjika. Baada ya msiba nilikichukua nikaja nacho Mpanda, na nilikuwa nakitumia nyumbani tu, si mgahawani. Siku moja nilikiinua kutoka jikoni na kitako kikabaki kwenye mafiga, mdomo ukabaki mikononi mwangu. Hakikugongwa wala hakikuanguka, kiliamua tu. Niliketi sakafuni kwenye maharage yaliyomwagika nikamlilia mama upya, kuliko nilivyomlilia siku ya kumzika. Kisha nikaviosha vigae, nikavifunga kwenye kitenge chake, nikavisukuma chini ya kitanda. Sheria niliijua vizuri. Nilikuwa sitaki tu.

Sijui nani alimwambia. Ninachojua ni kwamba siku moja saa ya chakula cha mchana, mgahawa umejaa watu wa stendi, Mfinyanzi alitokea mlangoni akiwa na kikapu mkononi. Alipita katikati ya wateja, akaingia jikoni, akagonga sufuria zangu zote moja moja. Makondakta waliacha kutafuna.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Karibu ule kwanza."

Alikula. Alisema maharage yangu yameharakishwa. Alipomaliza alirudisha sahani mwenyewe, akauliza tena, "Kiko wapi?" Nikampeleka nyumbani, maana ni jirani tu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukataa.

"Mama, vile ni vya mama yangu," nilimwambia tulipofika. "Sina kitu kingine alichokishika kila siku kwa mikono yake."

"Najua ni cha mama yako. Chungu gani kingine kingenicheka miaka yote ile?"

"Ukivisaga vinakuwa unga."

"Ndiyo. Na vikikaa chini ya kitanda vinakuwa nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia Kibaoni nzima kuna vyungu vilivyovunjika, kwa nini asafiri hadi kwangu na kunichokonoa kidonda. Nilipaza sauti kwa mtu anayelingana na mama yangu, jambo ambalo sikulelewa kulifanya. Yeye alikaa kwenye stuli, kikapu magotini, akaningoja nimalize.

"Nimekwisha kupita nyumba zote," akasema. "Wengi wana plastiki na sufuria. Vile vya udongo wa zamani nilivyopata ni vichache. Ule wa kijivu una woga, na vigae vyake vina woga vilevile, nimevisaga nimeona. Unahitaji wa kuusimamia. Mimi kile chungu nilikihukumu, kikanikataa. Nilikihukumu tena, kikanikataa tena. Sina udongo mwingine mkaidi kama ule." Kisha akatazama mlango, si mimi. "Nakuomba, mwanangu."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Niliinama nikavuta kitenge kutoka chini ya kitanda.

Nilivibeba mwenyewe, nimevipakata kwenye basi hadi Kibaoni. Tulipofika kwake alitandika gunia chini ya jiwe la kusagia, nikadhani nitakaa pembeni nimtazame kama zamani, maana hata kokoto lake hakuna aliyeruhusiwa kulishika. Akaniwekea jiwe la mkononi.

"Saga wewe."

Nikasaga. Kile kipande chenye alama za ukucha nilikiacha mpaka mwisho, halafu nacho nikakisaga. Machozi yalinitoka, siwezi kusema uongo.

"Usilie juu ya unga," Mfinyanzi akasema. "Chumvi inaharibu." Lakini alinisogezea upande wa khanga yake nijifute.

Alipokuwa tayari kuchoma alinitumia salamu na dereva wa basi, na nilifunga mgahawa nikaenda. Tulikaa tena kwenye kizingiti kile kile. Moto ulishika, moshi ukanyooka, na sote wawili tukawa tunasikiliza. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Nilisali. Sijui yeye alikuwa anafanya nini.

Paa!

"Sawa," akasema, kwa sauti ndogo.

Tukangoja kingine. Mbuzi walipita, mtu akapita na baiskeli akatazama pembeni bila kutusalimu. Moto ukashuka mpaka ukawa majivu mekundu, na hakukusikika kingine. Alinyanyuka, akachukua fimbo yake ndefu, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuvirushia maji ya magome, na uwanja mzima ukajaa mvuke na harufu ile ya utoto wangu. Vilipopoa alivipitia vyote kwa kidole. Ko, ko. Ko, ko. Vilikuwa vinaitika. Hakutabasamu, ila mabega yake yalishuka, na alisimama katikati ya vyungu vyake amejishika kiuno kama mtu aliyetoka kushinda kesi.

"Mama," nikasema, "cha mama ni kipi?"

"Vyote."

"Hata kile kikubwa?"

"Vyote, nimekwambia. Kuna cha yule binti Mrundi, kuna cha Katekista. Na cha mwenye trekta kipo, mkewe kaagiza, lile jungu la umeme linaunguza." Hapo ndipo alipocheka. "Na wewe chagua. Usichague sana."

Nilichukua kimoja kipana, shingo fupi. Nilimuuliza kikivunjika vigae nivirudishe kwa nani, kama nitakuta hayupo.

"Nisiwepo niende wapi?" akaniuliza, amekereka kweli. "Hebu lete."

Akakipokea mikononi mwangu, akakunja kidole, akagonga. Alilaza kichwa. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyovisikiliza vingine vyote, kisha akakunja uso kama zamani, kule jikoni kwetu, mama yangu akiwa hai.

"Hiki hakivuki masika," akasema, akanirudishia.

Nilishika kiuno.

"Haya," nikamjibu. "Tutaona."